Dawa Inanyamazisha Muguu, Lakini Haiondoi Muzigo

Leo ninataka kuzungumza nawe juu ya aina moja ya maumivu ambayo pengine unayajua katika mwili wako mwenyewe. Yanaanza katika kiuno au katika tako. Yanashuka nyuma ya paja, yanapita shavu la muguu, na pengine yanafika hata kwa vidole. Mara nyingi yanakuja upande mumoja tu. Mugonjwa mumoja anasema: "Ni kama moto." Mwingine anasema: "Ni kama mutu anavuta kamba ndani ya muguu wangu." Akikohoa au akipiga chafya, maumivu yanazidi. Wengi wetu tumezoea kuyaita kwa jina lililotoka katika Kifaransa: siatiki.

Tena ninataka kuzungumza juu ya vidonge ambavyo wagonjwa hawa wanameza. Unawajua watu wenyewe. Ni musukuma chukudu wa Goma anayeshuka na magunia ya makaa. Ni mama wa Bukavu anayebeba muzigo mugongoni, na kamba imekaza paji la uso wake. Ni kijana wa piki-piki katika barabara yenye mashimo. Ni muchimbaji anayeinama muchana kutwa ndani ya shimo. Siku moja muguu unawaka moto. Rafiki anamwambia: "Nunua tramadoli, utasahau maumivu." Ananunua bila karatasi ya munganga, anameza, na asubuhi anarudi kwa kazi. Anafurahi. Baada ya miezi 3 anameza mara mbili au mara tatu kupita pale mwanzo, na muguu bado unaumwa.

Nitasema mawazo yangu wazi tangu mwanzo. Ninaona ya kuwa tunatumia dawa hii kwa kazi ambayo si yake. Dawa inanyamazisha muguu, lakini haiondoi muzigo uliobana mushipa. Na mutu asiyesikia muguu wake anaweza kuupoteza. Tafazali usikasirike kabla ya kusoma hata mwisho. Sikuja kumuhukumu mutu anayeumwa.

Mushipa huu ni nini?

Kuna mishipa ya damu, na kuna mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama nyuzi zinazobeba habari. Inaleta habari ya moto, ya baridi na ya maumivu kwa ubongo. Tena inapeleka amri ya ubongo kwa viungo, ili muguu uinuke na kidole kikunje.

Mushipa wa siatiki ni munene kupita mishipa yote ya fahamu ya mwili. Unapotoka katika kiuno una unene wa kidole. Unapita ndani ya tako na nyuma ya paja, na karibu na goti unagawanyika kuwa mishipa miwili inayofika kwa wayo. Mwaka 1764 munganga mumoja wa Napoli katika inchi ya Italia, jina lake Domenico Cotugno, aliandika kitabu juu ya maumivu haya. Alionyesha ya kuwa yako maumivu yanayotoka kwa mushipa wa fahamu wenyewe, si kwa kiungo cha nyonga. Lakini watu walikaa miaka mingi bila kujua vizuri ni kitu gani kinachoumiza mushipa ule. Mwaka 1934 wapasuaji wawili wa Boston katika Marekani, William Mixter na Joseph Barr, waliandika habari ya wagonjwa waliowapasua, na jambo likawa wazi.

Wewe mama unajua kata. Ni nguo au majani unayoviringisha na kuyaweka juu ya kichwa chini ya muzigo, ili kichwa kisiumie. Basi, kati ya mufupa na mufupa wa uti wa mugongo kuna kata vilevile. Kata hiyo ni ngumu kandokando, na katikati ina kitu laini kama ute. Mutu akiinama na kuinua muzigo muzito siku kwa siku, au miaka yake ikiwa mingi, ukingo wa kata unaweza kupasuka. Ute unatoka kidogo na kubana muzizi wa mushipa wa fahamu. Tena haubani tu. Unauchoma, kama pilipili inavyochoma jicho. Hii ndiyo sababu ya siatiki kwa wagonjwa wengi.

Sasa sikia habari njema ambayo wauza dawa hawakuambii. Mara nyingi mwili wenyewe unakula ule ute uliotoka, polepole. Wagonjwa wengi wanapata nafuu kwa majuma 6 hata 12, bila kupasuliwa. Katika Uholanzi waliwaangalia wagonjwa 283 wenye siatiki kali, na mwaka 2007 waliandika waliyoyaona. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Kundi lingine lilingoja, na wale walioshindwa kungoja wakapasuliwa nyuma. Wale wa kwanza walipata nafuu upesi zaidi. Lakini baada ya mwaka 1, karibu wote wa vikundi vyote viwili walisema wamepona.

Basi, saa unapoanza kumeza kidonge chenye nguvu, kumbuka ya kuwa pengine unapigana na ugonjwa ambao ulikuwa tayari kuondoka.

Vidonge vinafanya nini?

Morfini na kodeini zinatoka katika afyuni, ni kusema utomvu wa mumea fulani. Tramadoli haitoki katika mumea. Ilitengenezwa katika Ujerumani, na ilianza kuuzwa kule mwaka 1977. Lakini kwa kazi yake ni ya ukoo ule ule.

Dawa za ukoo huu haziendi kwa kiuno kutengeneza kata iliyopasuka. Zinafanya kazi katika ubongo, na katika ule mushipa mukubwa unaokaa ndani ya uti wa mugongo. Huko zinafunga mulango ambapo habari ya maumivu inapita. Fikiri juu ya mulinzi wa kijiji anayepiga ngoma usiku kwa sababu nyumba inaungua. Ukimunyanganya ngoma utalala vizuri. Lakini nyumba inaendelea kuungua.

Pengine utasema: "Ikiwa ninalala vizuri hata mushipa upone, ubaya ni nini?" Ni ulizo zuri. Wataalamu wamejaribu kulijibu. Katika Australia waliwachukua watu 347 wenye maumivu mapya ya kiuno au ya shingo. Wengine walipewa dawa kali ya ukoo wa afyuni, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa nini. Habari zao zilitolewa mwaka 2023. Baada ya majuma 6, wale waliomeza dawa kali hawakuwa na nafuu kupita wenzao. Na baada ya mwaka 1, hatari ya kutumia dawa vibaya ilikuwa kubwa zaidi kwao.

Katika Uingereza kuna baraza linaloitwa NICE, ambalo linawaandikia wanganga namna ya kutibu. Juu ya siatiki yenyewe, baraza hilo lilisema mwaka 2020 ya kuwa mugonjwa ambaye siatiki yake imedumu asipewe dawa za ukoo wa afyuni. Lilikataza gabapentini na pregabalini vilevile kwa siatiki. Tayari mwaka 2017 watu wa Australia walikuwa wamepima pregabalini kwa wagonjwa 209 wa siatiki, na maumivu ya muguu hayakupungua kupita kwa wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na mwezi wa 12 mwaka 2023, Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika mafundisho juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu. Liliziweka dawa za ukoo wa afyuni kati ya matibabu ambayo halishauri kwa watu wengi.

Je, dawa hizi ni mbaya basi? Hapana. Mwaka 1986 Shirika lile lile lilifundisha wanganga ngazi yenye vipandio 3 kwa maumivu ya kansa: kwanza dawa nyepesi kama aspirini na parasetamoli, kisha dawa kama kodeini, kisha morfini. Ilikuwa kazi ya huruma. Mama anayekufa kwa kansa ya tumbo la uzazi anahitaji morfini, na ni haya kwetu sote kama anaikosa. Mutu aliyepasuliwa leo anaihitaji vilevile. Hata mugonjwa wa siatiki ambaye hawezi kulala wala kukaa kwa maumivu, munganga anaweza kuamua kumupa dawa hizi siku chache tu, na kumwangalia. Ninachokataa ni kuchukua ngazi iliyotengenezwa kwa kansa na kuiegemeza kwa kiuno cha musukuma chukudu, kisha kumwacha juu yake mwaka muzima bila mutu wa kumushusha.

"Lakini nina watoto wa kulisha"

Hili ndilo neno ambalo wagonjwa wananiambia, na silizarau. "Munganga, wewe una mushahara. Mimi nisiposukuma leo, watoto hawali leo. Kidonge kinaniinua." Mutu anayesema hivi si mulevi wala mupumbavu. Ni baba.

Nitamujibu kwa habari moja ya kweli. Mwaka 2013 wataalamu waliandika ya kuwa wamekuta tramadoli ndani ya mizizi ya muti mumoja wa kaskazini ya Kamerun. Watu walishangaa sana. Dawa ya kiwanda inapatikana namna gani ndani ya muti wa pori? Wataalamu wengine walikwenda kuchunguza, na walikuta sababu. Walimaji wa kule walikuwa wakimeza tramadoli ili wavumilie kazi na jua kali. Tena walikuwa wakiwapa ngombe wao, ili wavute jembe bila kuchoka. Dawa ilitoka kwa mukojo wa watu na wa wanyama, ikaingia katika udongo, na mizizi ikainywa pamoja na maji.

Fikiri juu ya ngombe yule. Jembe halikuwa jepesi zaidi. Udongo haukuwa laini zaidi. Miguu yake ilichoka kama siku zote, lakini hakusikia, kwa hiyo hakusimama. Mwenye shamba alipata kazi ya siku ile. Je, ngombe alipata nini?

Sasa jiangalie wewe mwenyewe. Ukimeza kidonge na kusukuma muzigo ule ule, juu ya kata ile ile iliyopasuka, unajitendea kama ngombe yule. Ungepumzika kwa sababu ya maumivu, lakini huyasikii. Ungepunguza gunia moja, lakini hupunguzi. Majuma 12 ya kupona yanapita, na mushipa haukupata nafasi. Kisha unahesabu feza: kila juma vidonge, kila mwezi vidonge zaidi. Baba anayesema anameza kwa ajili ya watoto, aketi na muke wake wahesabu feza za vidonge vya mwezi mumoja. Nazani wataona ya kuwa gunia moja lililopunguzwa lingewapotezea kidogo kupita vidonge.

Namna vidonge vinavyozidisha siatiki

Kuna mambo 5 ambayo kila mugonjwa wa siatiki anayemeza dawa hizi apaswa kuyajua.

La kwanza, vidonge vinafunga choo. Mutu anakaa siku 3 au 4 bila haja kubwa, kisha anasukuma kwa nguvu. Kusukuma kule kunaongeza nguvu inayobana mushipa, kama kikohozi. Anatoka chooni akilia kwa muguu, na anameza kidonge kingine kwa maumivu ambayo kidonge cha kwanza kilisaidia kuyaleta.

La pili, vidonge vinaweza kuzuia mukojo. Hili ni jambo kubwa. Wakati mwingine ute wa kata unatoka mwingi na kubana mishipa yote ya chini pamoja, ile inayoongoza mukojo na choo. Ni hatari ya haraka. Lakini mugonjwa na jamaa yake wanasema: "Ni vidonge tu, vinafunga." Wanangoja siku 3, na mishipa inakufa. Usiseme kamwe ni vidonge tu, hata munganga akupime.

La tatu, vidonge vinaficha uzaifu wa muguu. Mushipa unaobanwa unaumwa kwanza, kisha unaweza kuzaifika. Wayo hauinuki vizuri. Sandali inakokota chini na kutoka muguuni. Mutu aliyemeza anafurahi kwa kuwa maumivu yamepungua, kumbe muguu unalegea. Kwa hiyo usijiulize kila asubuhi tu: "Je, ninaumwa?" Ujiulize vilevile: "Muguu unaweza kufanya nini?" Simama kwa visigino, kisha kwa vidole. Ukishindwa kwa upande mumoja, enda kwa hospitali.

La nne, mwili unazoea. Kipimo cha jana hakitoshi leo. Kwa watu wengine dawa hizi zikidumu zinaufanya mwili usikie maumivu zaidi, si kidogo. Tena mutu aliyezoea akikosa dawa siku moja, anatoka jasho na kamasi, anapiga miayo, tumbo linahara, halali usiku, na mugongo na miguu vinamuuma vibaya. Anasema: "Unaona? Siatiki imerudi. Siwezi kuishi bila dawa." Lakini mara nyingi si siatiki iliyorudi. Ni mwili unaolilia dawa. Wengi wamemeza miaka kwa sababu hawakuambiwa hili.

La tano, dawa hizi zinapunguza pumzi. Mutu akizimeza pamoja na pombe, au pamoja na dawa za usingizi kama valiumu, au pamoja na pregabalini, anaweza kulala na asiamuke tena. Tramadoli vilevile inaweza kuleta kifafa, hata kwa mutu ambaye hakuwa nacho. Mutoto asipewe tramadoli ya baba yake. Mwaka 2017 Marekani ilikataza tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, na ilishauri mama anayenyonyesha asiimeze, maana dawa inapita katika maziwa. Vidonge vyako vifungie ndani ya sanduku.

Alama za kukimbilia hospitali

Usingoje kesho kama unaona alama hizi: mukojo haupiti, au unatoka bila wewe kujua, choo kinatoka bila kujua, mahali pale unapokalia tandiko la piki-piki pamekufa ganzi, miguu yote miwili inauma au inalegea, au wayo hauinuki. Kwa alama hizi mugonjwa afike siku ile ile, hata kama ni usiku.

Tena si kila maumivu ya kiuno na muguu ni kata iliyopasuka. Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mugongo na kuila. Kansa vilevile. Ukiwa na homa, au jasho la usiku, au unakonda bila sababu, au kikohozi kinadumu, au ulianguka kwa nguvu, usinunue vidonge vya maumivu. Vitakufichia ugonjwa wenyewe hata uwe mukubwa.

Kwa wewe unayemeza tayari

Pengine unasoma haya na umeisha kumeza mwaka muzima. Sikia vizuri: usitupe vidonge vyote leo. Kuacha gafula kunatesa, na wengi wanashindwa na kurudi kwa kipimo kikubwa kupita kile cha mwanzo. Kuja kwa hospitali, na useme kweli ya hesabu yako. Kwa mutu aliyemeza mwaka muzima au zaidi, munganga anaweza kupunguza karibu sehemu 1 katika sehemu 10 kila mwezi, pengine polepole zaidi, akiangalia namna unavyoendelea. Ni kama kushuka mulima na muzigo: mwenye akili hakimbii. Na kama umeacha majuma kadha, usirudi kwa kipimo cha zamani. Mwili umekisahau, na kinaweza kukuua.

Kwa ninyi jamaa: musimuite mulevi. Haya inamufanya afiche, na mutu anayeficha anakufa peke yake. Mukimukuta analala na haamuki, anapumua polepole sana au anakoroma namna mupya, na midomo inageuka rangi, mulaze kwa upande na mumupeleke upesi. Kuna dawa inayoitwa naloksoni ambayo inaweza kurudisha pumzi, ikiwa mugonjwa anafika mapema.

Ufanye nini basi?

Usilale kitandani siku nyingi. Zamani sisi wanganga tulilaza wagonjwa hawa majuma mengi, na tulikosea. Siku 1 au 2 za kupumzika zinatosha. Kisha tembea kidogo, rudi, pumzika, tembea tena. Kuumwa kidogo katika kutembea si kuharibu.

Ukilala kwa ubavu, weka nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Ukilala chali, weka kitu chini ya magoti. Kitambaa cha moto juu ya kiuno kinafariji, lakini kisikuunguze, na usikiweke mahali palipokufa ganzi.

Punguza muzigo majuma yale ya kupona. Ikiwa unapeleka magunia 4 kwa safari 1, peleka 2 kwa safari 2. Ukiinua kitu, kunja magoti, si kiuno, na kishike karibu na tumbo. Kijana wa piki-piki ashuke kila saa na kutembea kidogo.

Dawa kama ibuprofeni inaweza kusaidia kidogo, kwa siku chache, pamoja na chakula. Lakini mutu mwenye vidonda vya tumbo, au ugonjwa wa figo, au mama mwenye mimba, aulize munganga kwanza.

Na hili ninawaomba sana: musilazimishe sindano. Watu wengi wanaamini ya kuwa dawa isiyochomwa haina nguvu. Lakini mushipa wa siatiki unapita ndani ya tako. Sindano ikichomwa mahali pabaya inaweza kuugonga, na muguu ukalegea saa ile ile. Mutoto mudogo na mutu aliyekonda wana hatari zaidi. Tusilete kwa sindano ugonjwa ule ambao mutu alikuja kuponya. Ikiwa sindano inahitajiwa kweli, ichomwe na mutu aliyefundishwa, anayejua mahali pa kuchoma.

Neno la mwisho

Sitaki kuwatupia wagonjwa kosa lote. Sisi wanganga tuna sehemu yetu. Wagonjwa wanajaa barazani, na kuandika jina la kidonge kunachukua dakika 1. Kumulaza mutu, kuinua muguu wake umenyoka, kupima nguvu ya wayo wake, kumuuliza juu ya mukojo na juu ya kazi yake, kunachukua dakika 20. Tukichagua dakika 1 kila mara, tutaona wagonjwa wale wale wakirudi, na muguu mubaya zaidi. Ninawaomba wenzangu wampatie kila mugonjwa wa siatiki dakika hizo 20, hata kama mustari ni murefu.

Na wewe jirani, dawa kubwa ya siatiki pengine iko mikononi mwako. Baba aliye na majuma 6 ya kupona anahitaji mutu wa kusukuma pamoja naye, kaka wa kuchukua gunia moja, shemeji wa kulima mustari wa shamba. Jamaa nyingi zinachanga feza kwa vidonge, na hawajaulizana ni nani atabeba muzigo. Anzeni na ulizo hilo leo jioni, mbele ya mutu yeyote kwenda famasi.